Majani, Jua na Unga wa Kusafishia Maji

Nimepokea barua fupi yenye swali refu kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Kiboriloni, mjini Moshi. Anasema amesikia watu wakisimulia kwamba wataalamu wanaweza kuchemsha majani ya mwarobaini, wakayachanganya na chumvi fulani ya madini, wakapata unga ambao ukitiwa ndani ya maji machafu na maji yakaanikwa juani, uchafu unateketea wenyewe. Anauliza: hii ni sayansi, au ni kikombe kingine cha Loliondo?

Anayo haki ya kuuliza hivyo. Mwaka 2011 misururu ya magari ilielekea Samunge, na wengine walitoka hapo hapo Kilimanjaro, kila mmoja akitafuta kikombe kimoja cha kumaliza maradhi yote. Mtu aliyeshuhudia yale akisikia habari ya majani ya miujiza ni lazima ashtuke kidogo. Basi nijibu upesi kwanza, halafu tuzungumze polepole. Unga huo upo, na hufanya kazi kwa sababu zinazoeleweka vizuri. Lakini mambo mengi yanayosemwa juu yake hayamo katika sababu hizo, na mama mwenye watoto na ndoo ya maji anapaswa kujua mpaka uko wapi.

Tuanze na unga wenyewe. Waya wa shaba hupitisha umeme, kioo na mpira huuzuia. Katikati yao kuna jamii ya vitu vinavyopitisha umeme kwa masharti tu, navyo huitwa semikondakta. Redio unayonisikilizia inafanya kazi kwa sababu ya vitu hivyo, hali kadhalika zile paneli za sola juu ya mapaa. Sharti moja linaloweza kuiamsha semikondakta ni mwanga. Wala usidhani ni vitu vya ajabu vya kuagizwa kwa siri. Oksidi ya titani ndiyo inayoipa rangi ya ukutani weupe wake. Oksidi ya zinki imo katika losheni ya kalamini anayopakwa mtoto mwenye upele. Hizo mbili ndizo zinazotajwa zaidi katika kazi hii ya kusafisha maji.

Sasa mwanga unaiamshaje? Fikiria mparachichi mrefu katika kihamba, na parachichi moja limeng'ang'ania tawi la juu. Watoto wanarusha mawe. Mtoto mdogo akirusha mawe mia moja yasiyofika nusu ya mti, parachichi haliyumbi. Akija kaka yake akarusha jiwe moja tu lenye nguvu za kutosha, limeanguka. Mawe mia dhaifu hayajumlishwi yakawa jiwe moja lenye nguvu. Ndivyo ilivyo kwa mwanga. Nao huja kwa mapigo madogo madogo, na pigo la mwanga mwekundu ni dhaifu, la bluu lina nguvu zaidi, na lile la miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, lina nguvu kuliko hayo yote. Oksidi ya titani ya aina inayotumika sana haiamki mpaka ipigwe na mwanga ambao urefu wa wimbi lake haufiki nanomita 390, yaani ule wa urujuanimno. Oksidi ya zinki iko karibu na hapo hapo. Katika jua lote linalotufikia, miale hiyo ni kama sehemu 5 tu katika 100. Kwa hiyo unapomsikia mtu anasema unga wake unatumia nguvu zote za jua, mwulize ni unga gani huo.

Pigo lenye nguvu likishafika, elektroni moja hurushwa juu na nyuma yake hubaki pengo. Pengo hilo lina uchu wa elektroni kiasi kwamba huinyang'anya molekuli ya maji iliyo karibu. Elektroni iliyorushwa nayo huiparamia oksijeni iliyomo majini. Kutokana na unyang'anyi huo huzaliwa vipande vikali sana vinavyoishi kwa muda mfupi mno, na kinachovigusa huchanika: rangi ya kitambaa, mabaki ya dawa ya kunyunyizia mimea, ngozi ya bakteria. Unga wenyewe hauliki. Unabaki pale pale ukingoja pigo jingine, ndiyo maana huitwa kichocheo.

Walioufungua mlango huu ni Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, ambao mwaka 1972 walitangaza kwamba oksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji inaweza kuyagawa maji yenyewe kuwa hidrojeni na oksijeni. Miaka mitano baadaye, nchini Marekani, Steven Frank na Allen Bard walionyesha kwamba unga huo huo ukimulikwa unaiharibu sayanidi, sumu kali, ndani ya maji. Mwaka 1985 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba unaua hata vijidudu. Jambo hili, basi, halikuzaliwa jana.

Na udogo wa chembe una kazi gani? Mara nyingi elektroni iliyorushwa hurudi na kudumbukia katika pengo lake kabla haijafanya lolote, na pigo lote la mwanga likaishia kuwa joto. Chembe ikiwa ndogo, safari ya kufika ukingoni ni fupi, na elektroni nyingi zaidi huwahi. Sababu ya pili ni eneo. Chukua kipande cha sukari cha mraba chenye sentimita moja kila upande. Ngozi yake ya nje ni sentimita sita za mraba, basi. Kikate vipande vya nanomita 10, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita: ngozi ya vipande vyote pamoja ni mita za mraba 600. Ni kiwanja cha nyumba cha hatua 20 kwa 30, kutokana na kidonge kimoja cha sukari! Anayesaga kahawa kabla ya kuichemsha anaifahamu siri hii bila kuambiwa.

Ubaya ni kwamba njia za kwanza za kutengeneza chembe hizi ndogo hazikuwa za kupendeza. Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kazi yao juu ya chembe za semikondakta ndogo kiasi kwamba rangi yake hubadilika kwa kubadili ukubwa tu. Ni kazi kubwa, sina ubishi. Lakini mapishi yaliyotangazwa na kundi la Bawendi mwaka 1993 yalitumia kimiminika cha kadimi ambacho ni sumu na hushika moto kikiguswa na hewa, kikadungwa ndani ya mafuta ya moto wa nyuzi 300. Kadimi huharibu figo na hukaa mwilini miaka mingi. Sulfidi ya kadimi ina sifa moja inayotamaniwa: huamka hata kwa mwanga wa bluu, haihitaji urujuanimno. Lakini ikiwekwa majini na kumulikwa huanza kumong'onyoka yenyewe na kuachia kadimi. Nani angetaka kusafisha maji ya kunywa kwa kitu hicho?

Hapo ndipo majani yalipoingia. Katika maabara za India, Misri, Afrika Kusini na kwingineko watu wamejaribu mwarobaini, mlonge, mshubiri, maganda ya ndizi na hata kahawa. Mapishi yenyewe yangeweza kuelezwa jikoni. Majani huoshwa, huchemshwa, na supu yake huchujwa. Chumvi ya zinki huyeyushwa ndani yake, mchanganyiko hupashwa moto huku ukikorogwa mpaka utokee mashapo, nayo huoshwa, hukaushwa na mwisho huokwa ndani ya tanuri. Kinachofanya kazi ndani ya supu ni zile dawa zinazoufanya ulimi ukakamae unapokunywa chai kavu iliyokolea, au zinazoligeuza ganda la ndizi kuwa jeusi. Hushika madini, huzizunguka chembe zinazozaliwa, na kuzizuia zisigandamane. Mpika uji anajua: asipokoroga, unapata madonge.

Hapa niseme jambo ambalo hata baadhi ya waandishi wa taarifa za utafiti hulipitia juu juu. Watu hupenda kuandika kwamba jani "linapunguza" madini, kwa maana ya kikemia ya kuyapa elektroni. Kwa fedha na dhahabu ni kweli, kwa sababu chembe za fedha huzaliwa pale chumvi yake inapopewa elektroni. Kwa oksidi ya zinki si hivyo. Zinki iliyoingia katika chungu haipewi elektroni yoyote, inatoka ilivyoingia, imebadili mwenzi tu. Kazi ya jani ni kushika, kufunika, na wakati mwingine kuwa kuni ndani ya tanuri. Ni kazi halali. Lakini ukiijua utaacha kudhani kwamba mwarobaini umeutia unga ule uwezo wake wa dawa. Baada ya kuokwa kwa nyuzi 400 au 500, mwarobaini wenyewe umebaki majivu na moshi.

Na tanuri hilo linawashwa na nini? Hili ni swali la watu wa Kilimanjaro hasa. Msitu wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wa vihambani wapate kuni bila kuupanda msitu mkubwa, na kila mwenye macho anajua jinsi ulivyolemewa. Unga uliotengenezwa kwa majani kisha ukaokwa kwa mkaa wa mti wa mlimani hauwezi kuitwa rafiki wa mazingira kwa sababu tu supu yake ilikuwa ya kijani. Hata chumvi ya zinki ilichimbwa mahali, ikayeyushwa kwa asidi mahali. Sisemi njia hii haina faida. Imeondoa kadimi, imeondoa viyeyushi vikali, imeruhusu kazi nyingi ifanyike ndani ya maji ya kawaida. Nasema hesabu ianzie mgodini na iishie jalalani.

Ugumu mwingine, ambao mimi nauona mkubwa zaidi, ni wa mbege. Kila mtu wa Moshi anajua mbege ya nyumba hii si mbege ya nyumba ile. Ndizi si zile zile, ulezi si ule ule, mkono wa mpishi si ule ule. Kwa kinywaji hiyo ni raha. Kwa unga wa kusafishia maji ya mtoto ni balaa. Jani lililochumwa wakati wa masika halina dawa kwa kiasi kile kile cha jani la kiangazi, na mti wa Uru si mti wa Kahe. Chembe zikitoka kubwa leo na ndogo kesho, nani atamwambia mnunuzi aanike maji kwa saa ngapi? Kama kuna kazi ya kufanywa na vijana wetu wa vyuo, ni hii ya kuufanya unga wa leo ufanane na wa jana. Nami ningewashauri waanze na maganda ya ndizi na maganda ya kahawa, ambayo yanaoza bure, kabla ya kuvua miti majani.

Nimetaja maganda ya kahawa, na huenda umewaza: vipi maji yatokayo kwenye mitambo ya kumenyea kahawa mbivu? Msimu ukifika, maji yale mazito ya rangi ya hudhurungi hunuka, na yakiingia katika mto au mfongo hula oksijeni hadi viumbe vya majini vikafa. Je, unga huu haungetusaidia? Kwa hali yake hiyo, hapana. Mwanga haupenyi maji ya namna hiyo. Ni sawa na kurusha mawe kwenye mparachichi usiku wa giza. Maji ya kahawa yanahitaji kwanza mabwawa ya kutuama, au mitungi ya kuozeshea itoe gesi ya kupikia. Unga unaoamshwa na mwanga ni mfagizi wa mwisho, wa kuokota yaliyobaki katika maji ambayo tayari ni maangavu.

Jua nalo tulikadirie vizuri. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kama asilimia 10. Mtu angedhani Kibosho na Marangu ndipo mahali pake. Lakini mwenyeji wa Kibosho atakuuliza jua lenyewe la Juni na Julai liko wapi, wakati ukungu unakaa mpaka saa nane mchana. Tambarare ya Kahe, ambako watu wanalilalamikia jua, ndiko ambako unga huu ungekuwa na siku nyingi za kazi.

Nikiwa bado juu ya jua, nigusie kidogo KCMC. Hapo hospitalini yamekuwa yakitengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Mafuta mengi ya namna hii duniani hutegemea zile zile oksidi za titani na zinki kwa kuimeza miale ya urujuanimno. Msikilizaji makini atauliza: kitu kinachochana bakteria kikimulikwa, kinapakwaje usoni? Jibu ni kwamba kwa mafuta ya ngozi chembe za titani hufunikwa kwanza kwa ganda jembamba la silika au alumina, ili zimeze miale bila kurusha vile vipande vikali nje. Kitu kile kile, kazi mbili zinazopingana, na tofauti ni koti.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nilitolee swali hili kipindi kizima. Katika miteremko ya Meru na sehemu za Kilimanjaro, adui mkubwa majini ni floridi. Hutoka katika miamba ya volkano, haina rangi wala harufu, hubadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi miaka mingi hukaza na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita. Kichocheo kinachoamshwa na mwanga huvunja vitu vilivyojengwa kwa vitu vingine. Floridi ni elementi, haina cha kuvunjwa. Unaweza kuanika maji yenye floridi pamoja na unga bora kuliko wote duniani kwa mwezi mzima, na floridi ikawa ile ile. Inapasa kunaswa, kama inavyofanyika katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa jua kwa ajili ya meno ya mtoto wako, anakuibia fedha na, vibaya zaidi, anakufanya uache kutafuta maji mengine.

Na tusichanganye habari hii na ile ya chujio la Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyepewa tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000. Lile pia hutajwa kwa jina la nano, lakini linachuja na kunasa, kwa mchanga pamoja na vifaa vilivyoundwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Halingoji jua.

Kuna swali la mwisho la mnunuzi: unga ukishafanya kazi unatolewaje majini? Chembe ndogo namna ile hupita katika kitambaa kama maji yenyewe. Oksidi ya zinki huyeyuka kidogo kidogo, hasa katika maji yenye uchachu, na zinki ikiwa nyingi mtoni hudhuru samaki na mimea ya majini. Oksidi ya titani haiyeyuki, lakini Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vyakula mwaka 2022 kwa sababu usalama wake tumboni haukuweza kuthibitishwa. Ndiyo sababu watafiti makini huugandisha unga juu ya kioo, vigae au changarawe, maji yapite juu yake na unga ubaki. Unga wa kumimina ndani ya ndoo ya kunywa, mimi nisingeukubali nyumbani kwangu.

Na ukionyeshwa maji ya bluu yakigeuka meupe mbele ya macho yako, usipige makofi haraka. Rangi inaweza kupotea kwa sababu imenata tu kwenye unga, au kwa sababu jua peke yake limeipausha, kama linavyopausha kanga kwenye kamba. Dai glasi tatu: moja yenye unga iliyowekwa kabatini, moja isiyo na unga iliyowekwa juani, na moja yenye unga juani. Ya tatu ikizishinda mbili za kwanza kwa mbali, hapo kuna jambo. Hata hivyo rangi kupotea si uthibitisho kwamba vipande vyake vimeisha, na hiyo ni kazi ya maabara.

Kwa sasa, jua lenyewe bila unga wowote tayari lina kazi ya kuaminika. Mwaka 1996 watafiti wa Ireland walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya: waliokunywa maji yaliyoanikwa juani ndani ya chupa za plastiki waliugua kuhara kidogo zaidi kuliko waliokunywa yale yaliyowekwa kivulini. Chupa iwe angavu, isizidi lita mbili, maji yawe maangavu, ilazwe juani kwa saa sita. Siku za mawingu ilale siku mbili, na mvua ikishika siku nzima, rudi kwenye kuchemsha au dawa ya klorini. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi mifupa ile ya Ngurdoto inavyonasa floridi.